Pilipili ya Nyuma ya Jiko

Mama alipovunjika mguu kule mlimani, Old Moshi, nilimshusha akae kwangu Shirimatunda, karibu na hospitali. Mguu ulipona, yeye hakutulia. Kila asubuhi nilimkuta amekwisha kujifunga kitenge, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, fimbo mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Nikimpa uji, anakunywa nusu. Nikimpikia mtori wa ndizi, anauzungusha kwa kijiko kisha anausogeza pembeni.

"Hauna pilipili," aliniambia siku moja.

Nikamletea chupa ya dukani.

"Hiyo ni siki. Nataka ile ya nyumbani."

Ile ya nyumbani niliijua. Fupi, ya njano, imejikunja, na harufu yake hukufikia kabla ya ukali wake. Ilikuwa ikijiotea nyuma ya jiko la zamani, wala sikumbuki mtu kuipanda. Nikampigia simu mdogo wangu wa kiume, anayekaa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na mke wake. Akasema jiko lile walishalibomoa wakajenga banda la ng'ombe. Pilipili zilikwenda na kifusi.

Sikumwambia Mama. Nikaanza kutafuta mbegu.

Shule zilikuwa zimefungwa, na mwalimu asiye na darasa hana pa kuweka mikono. Nilienda duka la pembejeo, nikarudi na pakiti yenye picha nzuri. Mama aliitazama, akanirudishia. "Hizo ndefu. Za kuuza." Nikaenda sokoni, nikanunua pilipili mbuzi zilizoiva, nikazipasua bila glavu, nikajifuta jicho, nikashinda nalia mchana kutwa. Mbegu nilizianika juu ya gazeti, kisha nikazipanda kwenye ndoo zilizotobolewa. Lakini sikuweza kuziacha. Asubuhi nafukua kwa kidole nione kama zimechipua, jioni nafukua tena. Zilizokuwa zimeanza niliziua mwenyewe.

Mama alikuwa akiniangalia kutoka kwenye ngazi. Naye alikuwa anainuka, anakwenda hadi getini, anarudi. Tulipishana uani kutwa nzima, mimi na ndoo zangu, yeye na fimbo yake.

Kuna mama mmoja wa Kihindi mjini, mwenye duka la viungo aliloachiwa na wazazi wake. Nilimwuliza kama ana mbegu za pilipili ya njano. Alimwachia binti yake kaunta, akanipandisha ngazi hadi kwenye baraza ya ghorofani. Pale palikuwa na makopo ya rangi yamepangwa ukutani, yamejaa mipilipili.

"Mama yangu alipewa mbegu na mama wa mlimani aliyekuwa akituletea maziwa," alisema. "Chukua huu mche. Usiumwagilie mno, unakufa kwa kupendwa."

Niliubeba kwenye bajaji nimeukumbatia. Ulikuwa na tunda moja limeiva. Nilipofika nyumbani, Mama alilichuma, akalipasua kwa kucha, akanusa, akagusisha ulimi. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe.

"Ni ndugu yake," alisema. "Si yenyewe. Nipeleke nikakuonyeshe yenyewe."

Hapo ikabidi niseme. "Mama, haipo tena. Jiko lilibomolewa."

Alifuta kucha kwenye kitenge. "Najua lilibomolewa. Mkwe wangu aliniambia siku ileile. Na ndege waliokuwa wakizila je, nao wamebomolewa?"

Tulipanda mlimani kesho yake. Mdogo wangu alitupokea na maneno mengi kuhusu banda, lakini Mama alimpita, akaingia migombani na fimbo yake, mimi nyuma nikihofia mguu. Alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea kwangu. Kwenye ukingo wa mfereji, chini ya mibuni mizee, aliinama akasogeza majani makavu. Palikuwa na mipilipili, mingine mirefu hadi kiunoni, mingine midogo ya majani machache. Matunda ya njano yalining'inia.

Alinichagulia miche yeye mwenyewe. Aliing'oa na udongo wake, akaifunga kwa ganda la mgomba, akanikabidhi.

"Nenda nayo," akasema. "Mimi nabaki."

"Kliniki je?"

"Nitashuka siku ya kliniki."

Nilimtazama mke wa mdogo wangu, nikitumaini atanisaidia kumshawishi. Yeye alikuwa tayari ametandika kitanda. Niliona shuka dirishani. Nilibishana kidogo, kisha nikaipeleka miche kivulini. Jioni mtori ulipopakuliwa, Mama alipondea pilipili ndani ya bakuli lake, akala yote, akaomba uongezwe. Jasho lilimtoka puani.

Nilishuka peke yangu na miche. Imeshika, lakini huku chini jua ni kali na maua yanadondoka kabla ya kufunga tunda. Nahamisha ndoo kutoka ukuta huu kwenda ule, naweka kivuli cha gunia, naondoa, narudisha. Ule mche wa ghorofani, ambao siugusi, unazaa.

Mama hunipigia jioni akishakula.

"Imezaa?"

"Bado. Nimeihamishia upande wa jikoni."

"Tena?" husema. "Njoo Jumamosi. Huku zinaoza chini."

Jumamosi napanda.