Andazi Kabla ya Upasuaji

Juzi asubuhi nilikuwa hospitalini hapa Babati, nikimsubiri mke wangu aliyeingia kwa daktari. Kando yangu kwenye benchi alikaa bibi mmoja kutoka kijiji cha Sigino na mjukuu wake wa kike wa miaka minne hivi, aliyekuja kupasuliwa ngiri.

Muuguzi alifika na faili. "Shikamoo, bibi. Mtoto amekula chochote tangu jana usiku?"

"Marahaba. Hajala."

Muuguzi akachuchumaa mbele ya mtoto. "Na wewe, mwanangu, asubuhi umekula nini?"

Mtoto akanyoosha vidole viwili. "Maziwa na andazi. Bibi amesema nisiseme."

Muuguzi alifunga faili taratibu. "Bibi, akipewa dawa ya usingizi ameshiba, anaweza kutapika hajitambui, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Tungeweza kumpoteza."

Bibi akamvuta mtoto kifuani. "Niliambiwa asile. Sikuambiwa kwa nini. Nikawaza, mtoto gani anapasuliwa akiwa na njaa?"

Upasuaji ukaahirishwa. Safari hii muuguzi alimweleza bibi kila kitu, akamtaka arudie kwa maneno yake, naye akarudia huku machozi yakimtoka.

Ni rahisi kumlaumu. Lakini sisi wenye ofisi na faili, nami nikiwamo, tumezoea kutoa amri, sababu tukabaki nazo wenyewe. Siku ile mtoto alinusurika kwa sababu mtu mmoja aliona kwamba hata mwenye miaka minne anafaa kuulizwa.