Busta ya Chumba cha Uani

Mume wangu ana kinyaa, na kazi aliyoichagua ni ya kuingiza mkono nyuma ya makabati ya watu. Ni fundi wa mtandao. Kila siku akirudi anavua viatu nje, ananawa hadi viwikoni, kisha ananisimulia uchafu wa wenzetu wakati mimi nina kijiko mdomoni. Leo mfupa wa kuku nyuma ya runinga, kesho soksi iliyokauka hadi inasimama yenyewe, keshokutwa ukoo mzima wa mende ndani ya ruta kwa sababu mle kuna joto.

"Watu wanafuta mbele tu," husema. "Nyuma ni jalala."

Kazini wanamwita Bwana Safi, na wala si kumsifu. Hutembea na kitambaa chake, hakai kwenye kochi la mteja, na maji ya nyumba za watu hayanywi. Miaka kumi na mmoja! Hata soda ambayo haijafunguliwa anasema ameshiba. Mimi humwambia atakufa na kiu kwa maringo yake. Jambo jingine analojivunia ni kwamba hajawahi kuacha kazi njiani. Mtandao ukiwashinda wengine, msimamizi humtuma yeye, na ndivyo alivyofika kwenye ile nyumba.

Kwa alivyonieleza, nyumba ilikuwa inang'aa. Vigae vyeupe, mapazia mazito, kochi la rangi ya maziwa. Ruta ilikuwa sebuleni, nyuma ya runinga. Kutoka hapo unapita korido, unapita jikoni, unatokea uani, unavuka saruji hatua kumi na mbili, ndipo unakuta chumba kimoja cha bati kilichokuwa stoo. Humo ndimo alimokaa mama mzazi wa mwenye nyumba. Walitaka mtandao ufike kwake.

Tayari walikuwa wamenunua busta, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ambacho hudaka mtandao wa ruta na kuusukuma mbele. Walikichomeka chumbani kwa bibi, kando ya kitanda, nacho hakikufanya lolote. Kosa hilo mume wangu hulikuta karibu kila nyumba. Watu wanaona mahali pasipo na mtandao, wanaweka busta hapohapo, kisha wanaitukana. Busta haizai mtandao, hupokea na kupitisha tu. Lazima ikae katikati, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Pale ilitakiwa kukaa jikoni, kwenye soketi iliyo karibu na dirisha la uani. Kazi ya dakika tano.

"Fundi, nakuomba umalize leo," mke wa mwenye nyumba alimwambia. "Wifi yangu yuko nje ya nchi, na kila Jumamosi anapiga simu ya video kumwona mama yake. Huko nyuma hata bando linagoma, basi inabidi mama aletwe hapa sebuleni. Saa nzima! Na akiondoka, nisikufiche, kochi linabaki linanuka uzee. Natandika nailoni, napulizia manukato, wapi!"

Wakati huo mume wangu alikuwa amepiga magoti nyuma ya runinga ya mama huyo. Mkononi alikuwa na kitu laini cha kijivu. Nywele, vumbi, makombo na panya mdogo aliyekauka, vyote vimeshikana. Alimtazama yule mama na pua yake aliyoikunja, akatazama alichokishika, akakitia kwenye mfuko wake.

Kisha akaenda uani. Nje ya mlango wa bibi kulikuwa na trei ya chakula cha jana, haijachukuliwa, nzi wameshaifanyia kikao. Akavuta pumzi, akaibana kama ilivyo desturi yake, akagonga.

Ndani kulikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia. Shuka limevutwa hadi kingoni, na sakafu imepigwa deki, kwenye kona bado mbichi. Bibi wa miaka themanini na ushei anapiga deki mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, anakisogeza kidogo kidogo hadi amalize chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukiwasha hiki?"

"Ndiyo, mama. Nakihamisha tu, kitafanya kazi."

"Kikifanya kazi, nitazungumza na binti yangu humuhumu?"

"Humuhumu. Hutasumbuka tena kwenda sebuleni."

Mume wangu anasema aliyatamka hayo kwa furaha kabisa, furaha ya fundi, na mpaka leo anatamani kujing'ata ulimi. Bibi alikaa kitandani taratibu.

"Mimi sisumbuki," akasema. "Nina wajukuu wanne pale ndani. Kile kisimu ni kidogo, na kila mmoja anataka shangazi yake amwone. Basi inabidi wanibane. Mmoja ananilalia bega, mdogo ananikalia magotini. Mama yao hawezi kuwakataza, wifi yake si anatazama? Siku nyingine wanaambiwa wasinisogelee, nina kikohozi. Sina kikohozi, mwanangu. Ni Jumamosi tu ninayoguswa na mtu."

Halafu, kama vile alikuwa amezungumzia mvua, akamimina maji kikombeni, akampa.

"Akakupa maji," nikasema nilipokuwa nasimuliwa. "Ukamwambia umeshiba."

"Nilikunywa. Nikaomba mengine."

Niliweka kijiko chini. Miaka yote hii hata kwa dada yangu hajawahi kunywa maji!

Alichomoa busta, akarudi sebuleni, akaiweka mezani mbele ya mke wa mwenye nyumba. "Haifiki," akamwambia. "Kuta zenu ni nene, na lile bati linazuia. Haitafika." Akakusanya vyombo vyake, akaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, fundi wangu alikuwa ameacha kazi njiani, tena kwa uongo.

Nilimgombeza, nisidanganye. Nilimwambia nyumba za watu zina mambo yake, na sisi tuna watoto wanaosoma. Akanijibu, "Mende nimewazoea. Lile kochi ndilo lililotaka kunitapisha." Sikumwelewa sana. Nilidhani ni maringo yake yaleyale yamebadilisha nguo.

Wiki ya nne msimamizi akawaita mafundi wote. Ile familia ilikuwa imelalamika, kwa hiyo akamtuma fundi mwingine wanayemwita Spidi, naye akaichomeka ile busta jikoni, ikashika mara moja. Msimamizi akasema mbele ya watu kwamba Bwana Safi ameshindwa kazi ya dakika tano, na kuanzia siku hiyo atakaa stoo kukunja waya. Watu wakacheka. Spidi ndiye aliyecheka zaidi.

"Na kile kibibi hakina hata shukrani," alikuwa akisimulia. "Wamekiwekea simu kwenye stendi kando ya kitanda, inapokea yenyewe, mtu hahitaji hata kuingia. Nimekionyesha, wala hakikutabasamu. Kimeniuliza tu, eti yule mwenzako aliyekunywa maji yuko wapi?"

Mume wangu aliponisimulia hayo nilikuwa naanza kula, na chakula kilinikinaisha palepale. Simu inapokea yenyewe! Mtu akae afikirie, anunue, achomeke, ili tu mlango wa mama yake usifunguliwe. Nilisukuma sahani. Nikaitazama kalenda ya ukutani, nikahesabu tangu siku aliyoichomoa hadi siku Spidi alipoichomeka.

"Bibi alipata Jumamosi tatu," nikamwambia. "Umempa tatu."

Alikuwa amesimama kwenye beseni, ananawa, sabuni imefika viwikoni.

"Unanawa nini? Si umeshika waya mpya tu siku nzima?"

"Niliwaachia busta mezani, nzima kabisa," akasema. "Ningeidondosha tu, nikaikanyaga."

Akachukua sabuni tena.