Mtungi wa Mama Seonju

Siku zilipotoka stempu za mitungi ya kijani ya enzi ya kale ya Goryeo, hapa kwetu Korea, jirani yangu Mama Seonju alitoka posta ya Gangjin akicheza barabarani, ameukumbatia ukurasa mzima wa stempu kama mjukuu.

Mumewe ni mfinyanzi. Kila akifungua tanuri, chombo chenye kasoro hata ndogo hukipiga nyundo palepale. Mkewe amezeeka akifagia vigae, na maua yake huyaweka kwenye chupa tupu ya pombe ya soju.

"Baba Seonju, njoo uone! Mtungi wenye korongo!" akaita alipofika kwao, nami nyuma yake.

Mzee akavaa miwani, akaikodolea macho stempu.

"Shingo ya korongo imepinda," akanung'unika, mkono ukipapasa kutafuta nyundo.

"Thubutu!" Mama Seonju akaruka kando. "Hii karatasi, bwana wee! Piga tuone kama itavunjika!"

Tukacheka hadi machozi, mzee naye akashindwa kujizuia. Mama Seonju akaponda punje za wali zikawa gundi, akabandika stempu moja kwenye ile chupa ya maua.

"Haya," akasema, "leo na mimi, mke wa mfinyanzi, nina mtungi."