Kilomita za Wifi

Wifi yangu ana tabia ya kuuliza swali ambalo jibu lake analijua. Kila Jumamosi asubuhi anavuka barabara kutoka dukani kwake, anaingia kwangu bila hodi, anavuta ndoo ya rangi anaikalia, kisha anauliza, "Enhe wifi, yako inakupa ngapi siku hizi?"

Haulizi habari za watoto wala za biashara. Anauliza pikapu yangu inatembea kilomita ngapi kwa lita moja ya dizeli.

Yeye ni dada wa mume wangu, na wote wawili tunauza vifaa vya ujenzi, mimi upande wa Mchafukoge, yeye ng'ambo, upande wa Kariakoo. Miaka mitatu iliyopita tulinunua pikapu mbili za dizeli, zile kubwa za kazi, zilizoshuka na meli moja: injini sawa, umri sawa, rangi nyeupe zote. Kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia. Kama yake inapata nane na yangu inapata sita, basi kasoro iko kwangu. Na ndivyo ilivyokuwa, yake nane, yangu sita. Nikiulizwa nilijibu sita na nusu. Ile nusu niliitunga mwenyewe.

Wivu wangu haukuanzia kwenye mafuta, ulianzia kanisani. Sisi watu wa Kilimanjaro, Desemba ikifika tunafunga maduka tunapanda nyumbani, na baada ya misa ya Krismasi wanaume huzunguka uwanja wa kanisa wakikagua magari yaliyotoka Dar. Mwaka ule wifi alikuwa amefunga ngao mpya mbele, inang'aa mpaka unajiona meno. Walijazana kwake. Kwangu alikuja mmoja tu, akaegemea boneti, akafunga kamba za viatu vyake, akaenda kwa wifi.

Januari, hata vumbi la safari sijaliosha, niliipeleka pikapu Ilala nikaifunga matairi makubwa. Ikanyanyuka juu kama mtu anayechungulia ukutani. Nilifurahi sana. Dereva wangu hakufurahi.

Dereva huyo alikuwa mtu mzima wa hapohapo Ilala, amenizidi miaka kumi na kitu, na alikuwa amenifanyia kazi miaka tisa. Mshahara nililipa mimi, lakini umri ni umri: kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia "Marahaba, Mama," ndipo tukaanza kupakia nondo. Kwenye dashibodi aliweka daftari la shule. Alijaza mafuta mpaka shingoni, kituo kilekile, pampu ileile, akaandika lita na kilomita. Hiyo sita niliyokuja kuionea aibu baada ya matairi ilitoka kwenye daftari lake.

Siku ya matairi aliyazunguka mara mbili, mikono nyuma. "Mama, hizi zitakula mafuta. Halafu hata mita yenyewe haitasema kweli."

"Wewe endesha," nikamwambia.

Mpaka mwezi wa nane swali la Jumamosi lilikuwa limeniingia mwilini. Nikiona wifi anavuka barabara, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kikokotoo. Siku moja nikamjibu sita, nimechoka kutunga. Akatazama feni ya darini.

"Wifi, mafuta hayapotei hewani. Mwangalie dereva wako. Hawa madereva wa mjini, we acha tu."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kila mwenye gari mjini hapa ana hadithi ya dereva anayenyonya dizeli kwa mpira na kuiuza kwa dumu. Jumatatu nilifika mapema, sikumwamkia, nikapekua pikapu. Nyuma ya siti nikatoa kipande cha mpira.

"Huu wa nini?"

"Wa maji, Mama. Naoshea bodi tukishusha simenti."

Niliunusa mbele ya wapagazi. Ulinuka sabuni. Niseme wazi, kwa sababu nimeficha vya kutosha: ulinuka sabuni, nami nilijua ni sabuni, na bado nilimwambia aache ufunguo. Ningekubali kwamba ni matairi, ningelazimika kuyavua, na Desemba ilikuwa inakuja. Aliweka ufunguo na daftari juu ya kaunta, akaondoka bila kubishana.

Wiki mbili baadaye nikamwona kwenye usukani wa pikapu ya wifi. "Nimemhurumia tu," wifi akasema, amekalia ndoo yangu ya rangi. "Ana watoto wanasoma." Nilikosa usingizi kwa hasira. Aliyenipa sumu ndiye aliyekuja kumchukua mtu wangu, na mtu mwenyewe nilimtupa mimi.

Niliajiri mwingine, akapata sita. Nikaajiri wa tatu, akapata tano na nusu. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema madereva wote wezi.

Desemba tukaondoka kwa msafara. Mimi niliendesha mwenyewe, mume wangu pembeni. Yeye ni mtu wa ofisini Posta, na tangu zamani amekataa kuingia kati ya dada yake na mke wake. Kituoni wifi alitangaza mbele ya ndugu wote, "Safari hii tupime ukweli." Tukajaza mpaka shingoni, tukarudisha mita za safari kwenye sifuri, tukafuatana. Wakisimama nasimama, wakila nakula. Yule dereva wangu wa zamani alitangulia na pikapu ya wifi, taratibu, bila papara, nami nilitazama mkono wake nje ya dirisha njia nzima.

Moshi tukaingia kituo kimoja, tukajaza tena. Yangu ilimeza lita sabini, yake sitini na mbili. Wifi akainama kwenye dashibodi yake akasoma kwa sauti, "Mia tano na sitini!"

Mimi nikasoma yangu. Mia nne na tisini.

Mume wangu, ambaye alikuwa hajawahi kusema neno katika jambo hili, akauliza, "Kwani hatukupita barabara moja?"

Wa kujibu alikuwa mmoja tu, yule dereva. Alichuchumaa, akapima tairi langu kwa shibiri, akaenda akapima la wifi, akarudi.

"Mama, mita inahesabu mizunguko. Haijui kama tairi limebadilishwa. Hili kubwa likizunguka mara moja, linatembea mbali zaidi kuliko lile la zamani. Umetembea mia tano na sitini kama sisi, yenyewe imekuandikia pungufu."

Nikapiga hesabu kichwani. Kwa mita yangu ilikuwa saba, maana barabara kuu haina foleni za mjini. Kwa ukweli ilikuwa nane, na ya wifi tisa. Hiyo moja iliyobaki ilikuwa uzito wa matairi niliyoyafunga ili nipendeze. Hakuna aliyeiba hata kikombe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Mama."

Nikamwomba msamaha palepale, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu. Akasema amesamehe, na nilimwamini. Kisha nikamwomba arudi kazini Januari. Aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mama, kule sijapekuliwa."

Siku ya Krismasi wanaume waliizunguka pikapu yangu. Walipiga mateke matairi, wakasifu. Mmoja akauliza nimeyanunua wapi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwaka mzima, na nilitamani wangeondoka.

Niliporudi nikayavua. Nikalifungua na daftari, ambalo lilikuwa limekaa chini ya kaunta tangu mwezi wa nane. Januari ile, kwa mwandiko wake ulionyooka, aliandika: *Leo matairi makubwa. Mita itasema pungufu. Nimemwambia Mama.*

Sasa naandika mwenyewe. Jumamosi iliyopita wifi alikuja, akavuta ndoo, akauliza yangu inanipa ngapi. Nikamjibu nane, na safari hii sikutunga. "Hata yangu," akasema, amenuna kidogo.

Ningepaswa kufurahi. Lakini nilikuwa natazama nje, ng'ambo ya barabara, alikokuwa amekaa dereva wangu wa zamani ndani ya pikapu ya wifi, daftari jipya juu ya usukani, anaandika. Bado namwamkia kila asubuhi. Ila siku hizi inabidi nipaze sauti ili anisikie.