Nguvu ya Nusu Punje

Baba alipopata kiharusi nilikuwa nafundisha fizikia mjini Same. Kila Ijumaa nilipanda milimani Ugweno kumwona. Mkono wake wa kulia, uliopogoa mibuni tangu ujana, ulilala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Mama aliukanda kila jioni kwa mafuta ya moto. Baba mwenyewe alikuwa ameshaacha kujaribu kuusogeza.

Jumamosi moja asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, sebule alimolazwa baba ikawa ya kijivu, na nyumba nzima ilikuwa kama inaelea. Nilikuwa nimekuja na leza ya kufundishia. Nilibana ukanda mwembamba wa bati kwenye ukingo wa stuli, nikabandika juu yake kipande cha kioo, nikakimulika. Nukta nyekundu ikatua kwenye ukuta wa mbali.

Nikaweka punje moja ya mchele kwenye ncha ya bati. Kwa macho, bati halikupinda hata kidogo. Lakini ukutani nukta ilishuka upana wa vidole viwili. Nikachora mstari wa chaki pale ilipofika, nikaiondoa punje, nikaweka kidole cha mkono mgonjwa wa baba mahali pake, kikigusa bati kidogo tu.

Nukta ikaanza kutetemeka polepole. Yalikuwa mapigo ya moyo wake. Tuliitazama kwa muda mrefu.

"Baba, sukuma chini."

Kidole kilikuwa kimetulia vilevile. Nukta ilishuka upana wa kidole kimoja, ikasimama.

"Ni upepo huo," mama alisema, akaenda kufunga mlango.

"Pumzika, baba."

Nukta ikapanda.

"Sukuma tena."

Ikashuka hadi palepale. Mama akakaa sakafuni, kitenge kikiwa mdomoni.

"Ni nguvu ya nusu punje ya mchele," nikamwambia baba. "Lakini ni yako."

Hakunitazama. Macho yake yalibaki ukutani, na kwa ulimi mzito akasema, "Tena."

Tukarudia kila Jumamosi, pamoja na mazoezi tuliyopewa hospitali, mpaka nukta ikauvuka mstari wa chaki. Mkono haukurudi ulivyokuwa. Ila msimu wa kuvuna kahawa ulipofika, alinyanyua kikombe mwenyewe, chai ikamwagikia shuka safi, na mama akamgombeza kwa mara ya kwanza tangu augue.