Mjomba amegoma kulitaja jina langu la utotoni

Jamani, leo mjomba wangu kanikana mbele ya wakili, tena kwa heshima zote.

Nimemtoa Chilangala mpaka Masasi mjini kwa kazi moja tu. Cheti changu cha shule kina jina la utotoni. Watu wote wananiita Saidi, jina nililopewa jandoni. Nataka Saidi liwe jina langu kisheria, na wakili anataka ndugu athibitishe kwamba mimi na mwenye cheti ni mtu yuleyule.

"Mzee wangu, huyu zamani aliitwa nani?"

Mjomba akageuka kutazama mlango.

Kwetu ukishatoka jandoni, jina la zamani halitajwi. Kumwita nalo mtu mzima ni kumtukana.

Wakili akalisoma mwenyewe kwenye cheti, kwa sauti. Mjomba akainamisha kichwa, kama vile nimevuliwa nguo pale ofisini.

"Unamfahamu mwenye jina hili?"

"Huyo alikwenda jandoni, hakurudi."

"Na huyu hapa?"

"Mpwa wangu. Jina nimempa mimi."

Wakili kafunga faili. Anasema shahidi wangu amethibitisha watu wawili.

Tunatoka nje, mjomba ananiuliza kwa upole: "Saidi, hicho cheti cha mtu unakitembeza cha nini?"

Nyie mngemjibu nini?