Mguu Uliochorwa kwenye Karatasi ya Saruji

Leo hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, watu wananiamkia kwa heshima. Nina duka la milango miwili: viatu vya kupanda mlima upande huu, vya baiskeli upande ule, kofia ngumu, glavu, mabegi yasiyopitisha maji. Wageni wanaokuja kuendesha baiskeli kando ya ziwa wanaingia, nawatazama miguu kabla hawajafungua mdomo, nawaambia namba. Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika hivi nilijifundisha mwenyewe, na kwa habari ya miguu hakuna profesa atakayenishinda. Nasema bila haya. Ila siku hizi nimechoka, na mtu akichoka hukumbuka hata yale yasiyomsifu.

Miaka ile vita vya kwetu vilikuwa vimepita, vya Kongo vinawaka ng'ambo ya mto. Mpaka ulifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko. Mimi niliuza viatu vya chagua, ndivyo tunavyoita mitumba, nimevipanga chini juu ya turubai. Siku moja nikafungua balo, furushi jipya la mitumba, nikakuta jozi nyeusi, soli ngumu kama ubao, na kipande cha chuma kimefungwa kwa skrubu chini yake. Wenzangu wakasema ni vya kuchezea mpira. Nikajaribu kukunja soli, ikakataa. Nikawaambia: hivi ni vya baiskeli, soli ngumu inasukuma pedali bila kuumiza unyayo. Hakuna aliyenifundisha hayo! Nikakifungua kile chuma kwa bisibisi, maana kwenye mawe yetu kingemwangusha mtu, na matundu nikayaziba kwa mpira wa tairi.

Akaja mama mmoja wa Giheke. Mume wake alibeba ndizi kwa baiskeli mpaka sokoni kwetu. Sasa, kwetu wakati ule mwenye mguu hakuja kununua kiatu, yuko barabarani na mzigo; ilikuja alama ya mguu wake. Mama akakunjua karatasi ya mfuko wa saruji. Humo mlikuwa na mguu mmoja, wa kushoto, umechorwa kwa mkaa.

"Papa, muntu yangu anafunga breki na unyayo," akasema. "Sandale zimekwisha. Sasa ngozi nayo inakwisha."

Ni kweli. Baiskeli za mizigo hazikuwa na breki. Kwenye mteremko mtu alikandamiza mguu kwenye tairi la nyuma mpaka moshi utoke.

"Mbona mguu mmoja?" akauliza jirani yangu, muuza mikanda. "Mwingine aliuacha Kongo?"

"Kongo aliacha kucha tu. Miguu yote alirudi nayo, kwa kutembea," mama akamjibu. "Wewe akili uliiacha wapi?"

Tukacheka. Nikaweka kiatu cheusi juu ya mchoro, kikaufunika sawasawa. Nikaapa mbele za watu: "Maman, nenda. Hivi visipomkaa, mimi siuzi viatu tena."

Baada ya wiki moja akarudi. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Tangu juzi hakanyagi chini. Mwenye kinga amesema kesho asubuhi, kama hapande, anaipeleka kwa muntu mwingine. Batoto bane, Papa."

Watoto wanne. Na kinga ndiyo baiskeli. Haikuwa ya mume wake, na ndiyo ilikuwa shamba lao.

Nikajaza viatu kwenye gunia, nikapanda naye Giheke jua la mchana likinipiga mgongoni. Tulimkuta mumewe mlangoni, miguu ndani ya beseni. Vidole gumba vyote vilikuwa vyeusi, kidole kidogo cha kulia kimechunika.

"Viatu vyako vizuri, Mzee," akaniambia. "Ni miguu yangu haina adabu."

"Kwa nini hukuvivua?"

"Si uliapa?"

Nikamuuliza mama walichora mguu saa ngapi. Asubuhi, akasema, mumewe ameketi kwenye benchi. Ameketi! Nani anasukuma ndizi ameketi?

Jioni ile nikawaambia wapakie baiskeli mikungu kama ya soko. Yule bwana akaisukuma hatua chache kupanda, peku, na mimi nimepiga magoti nyuma yake. Unyayo ukatanuka, vidole vikaachana, na mguu wa kulia ukaupita wa kushoto kwa upana wa kidole. Katika gunia zima hakuna jozi iliyomfaa. Nikachukua cha kushoto kwenye jozi ya kahawia, cha kulia kwenye jozi kubwa zaidi, ya buluu, na jozi zote mbili zikaharibika hapo hapo.

"Usiniambie ni vizuri," nikamwambia. "Niambie panapouma."

Akatembea, akapanda, akateremka. Mwishowe akaonyesha kwa mkono. "Hapa. Kidole kidogo." Nikapasua ngozi ya kiatu kwa kisu. "Tena?" Akatikisa kichwa.

"Kahawia na buluu," mama akasema. "Batu watasema nimeolewa na wanaume wawili."

Sikuwa na nguvu ya kurudi, nikalala kwao. Asubuhi mwenye baiskeli alifika mapema, akashika usukani. Yule bwana alijifunga vitambaa vidoleni, akavaa, akamwomba aachie. Akaondoka na mikungu yake, uso umekunjamana. Kwenye kona ya chini, pale mteremko unapokuwa mkali, aliweka ule mguu wa buluu kwenye tairi. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikapita. Mwenye baiskeli akatazama kidogo, akasema "Basi," akaenda zake.

Mimi nikaketi juu ya jiwe. Mama akaniletea uji. Akauliza kama naweza kumtazamia na mguu wake, maana naye anabeba mizigo kichwani. Akaketi, akanyoosha mguu.

Nikamwambia asimame kwanza.